Grili Lisilo na Kilango

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Sikuagwa kwa sherehe wala sikupewa godoro na saa ya ukutani kama wanavyofanyiwa watu wa maofisini. Siku moja katikati ya mwaka jana nilichomelea bawaba za geti upande usio wake, geti likawa linafungukia ukutani. Mteja alicheka, mimi nikacheka naye, kisha nikarudi nyumbani Mkolani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikajua kazi imekwisha.

Vijana wa karakana zetu za Pasiansi wameniomba niwaandikie niliyojifunza tangu siku ya kwanza. Nimekubali. Wanaotaka kujua nilipata nini na nilijenga nyumba ngapi watafute mzee mwingine, wapo wengi na wanapenda sana kusimulia. Mimi nitaandika juu ya magrili ya madirisha, wezi wa msimu wa Krismasi, na jambo moja lililonitia hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Mke wangu aliniambia nisubiri itulie ndipo niandike. Nikimsikiliza, nitakufa sijaandika.

Nilianza kwa Mzee Sospeter. Baba yangu alikuwa fundi bati hapa mjini, mtu wa koroboi, ndoo na makarai, na alipoona plastiki inamnyang'anya riziki alinishika mkono akanipeleka kwa rafiki yake huyo aliyekuwa akichomelea vyuma. Mzee Sospeter alikuwa mfupi, mkavu, mikono yake imejaa madoa ya cheche. Siku ya kwanza aliniambia maneno mawili tu: "Usiangalie moto." Nikaangalia. Nani asiyeangalia? Nilirudi nyumbani macho yamejaa kitu kama mchanga wa ziwani, mama akanibandika vipande vya kiazi kibichi, na asubuhi nikaenda kazini nikipapasa kuta. Mzee Sospeter akaniuliza, "Haya, umeona nini?" Nikasema sikuona kitu. "Basi umeumia bure," akasema, akanipa brashi ya waya nikasugue kutu.

Nilisugua kutu muda mrefu kabla ya kushika mashine. Kazi yangu ilikuwa kushika nondo zisicheze, kukoroga rangi, na kubeba lawama kitu kikipinda. Mashine yenyewe ilisukwa kwa waya wa shaba na fundi wa mtaani. Ikiwashwa, taa za jirani zinafifia na jirani anaanza kututukana. Nilijifunza matusi ya Kisukuma kabla sijajifunza kupima pembe.

Mzee Sospeter alitania kila kitu isipokuwa jambo moja. Kabla ya kuingia kwenye magrili ya nyumba alikuwa akichomelea vyombo vya majini, vivuko na meli za mizigo. Huko alikuwa akiingia ndani kabisa ya tumbo la meli, kwenye vyumba vya chuma visivyo na dirisha. Siku moja mtu alipita juu akafunga kifuniko akidhani hakuna mtu ndani. Mzee aligonga kwa nyundo mpaka bega likafa ganzi, na alipotolewa hakuwa na sauti ya hata kumtukana aliyemfungia. Tangu siku hiyo akawa na sheria yake. "Mahali popote anapoingia mtu," alituambia, "pawe na njia mbili za kutokea. Ya pili ndiyo ya maana, kwa sababu ya kwanza ndiyo inayowaka."

Kwa hiyo kila nyumba tuliyoifanyia kazi, grili la chumba kimoja cha nyuma lilikuwa na kilango. Wengi wenu hamkijui, basi nitaeleza. Unaacha sehemu ya grili iwe na fremu yake yenyewe, unaiwekea bawaba kwa upande wa ndani mahali ambapo patasi ya mwizi haifiki, na unaifunga kwa kufuli, nalo liwe ndani. Ufunguo unatundikwa kwenye msumari karibu na kitanda, si kwenye mkoba wa mwenye nyumba. Grili lote unalipaka rangi, lakini bawaba unazipaka grisi, maana rangi ikikaukia pale umeufunga mlango bila kujua. Na kilango hakipimwi kwa futi. Kinapimwa kwa mabega ya mtu mnene kuliko wote humo ndani. Niliwahi kumwomba mteja mmoja amwite mama mkwe wake aje asimame karibu na dirisha. Kazi ile sikuimalizia mimi.

"Na mwizi je? Si atapita hapohapo?" Ndilo swali la kila mteja. Katika kuitwa kwangu kote kurekebisha nyumba zilizoibiwa, sijaona nyumba iliyoingiwa kwa kilango. Mwizi anachimba plasta pembeni ya fremu, pale ambapo fundi mvivu alipachika vipande vifupi vya nondo kwa saruji kiduchu, halafu analing'oa grili zima na kuliegemeza ukutani kwa adabu. Au anatanua nondo kwa jeki ya gari. Au anapita mlango wa mbele kwa ufunguo uliofichwa chini ya ndoo ya maua, mahali ambapo hata kuku wa jirani anajua upo. Mkitaka kumzuia, izamisheni miguu ya grili ndani ya tofali kabla plasta haijapigwa, zikunjeni ncha zake, zisogezeni nondo karibu karibu. Na mwenye nyumba mwambieni ufunguo ampe jirani. Hapo kwenye jirani ndipo wote wanapokunja uso.

Msimu wetu ni Desemba. Mimi ni Mwislamu, pilau ya nyumbani kwangu inapikwa Idi, lakini mwezi niliokuwa nikiupenda na kuuogopa ni huo wa Krismasi. Watu wanakwenda kwao, Bukoba, Musoma, Ukerewe, Tarime. Mwaka mzima grili limelegea, wanalitazama tu. Wiki ya safari wanafika karakana na gari linaunguruma nje: "Fundi, leo hii hii, kesho tunaondoka." Na kabla hawajaondoka wameshatangaza kanisani wakiombewa safari, wameshaweka picha ya mabegi kwenye simu, na watoto wameshamuaga kila mtu mtaani mpaka muuza dagaa.

Kisha wanaanza kutega mitego ya kumdanganya mwizi. Taa ya nje inaachwa ikiwaka mchana kutwa. Redio inaachwa ikiimba peke yake. Barazani wanaweka gambuti kubwa za kiume, ionekane kuna dume ndani. Nyumba moja ya hapa Pasiansi waliweka sahani ya mbwa, na mbwa hawana. Waliporudi wakakuta sahani imeibwa.

Hayo nayacheka. Nisilolicheka ni mtego wa mwisho, ule wa kuacha mtu. Dada wa kazi anafungiwa ndani. Mlango unafungwa kwa nje, geti linapigwa kufuli kwa nje, na funguo zinasafiri. Anaachiwa unga, maharage na maagizo: usifungulie mtu, usiongee na mtu, washa taa jioni, redio isizimwe. Ukiuliza sababu wanakwambia bila haya, akiachiwa ufunguo ataingiza wanaume, au atabeba vitu atoroke. Wanasema ameachwa alinde nyumba. Mlinzi gani asiyeweza kufungua mlango akakimbia kuita watu? Huyo ni mfungwa ambaye hajashtakiwa, na wanaomfunga ni watu wanaosali, wanaolea watoto, wanaosalimia vizuri asubuhi.

Mama Janeth wa Kiseke alikuwa mteja wangu. Alipokuwa anahamia nilimtengenezea magrili ya nyumba nzima, na kilango nikakiweka chumba cha nyuma ambacho baadaye alikifanya cha dada wa kazi. Siku ya kukabidhi nilimwita yeye na mumewe, nikakifungua na kukifunga mbele yao, nikautundika ufunguo kwenye msumari. Mumewe aliitikia kwa kichwa. Yeye aliuliza kama rangi ile ingeweza kuwa nyeupe zaidi.

Krismasi ya mwaka juzi nilikuwa mtaa huohuo, nyumba ya tatu kutoka kwake, nikifunga geti la mteja ambaye nyumba yake ilikuwa bado haina umeme, ndiyo maana nilikuwa na jenereta. Ilikuwa saa ya watu kutoka kanisani, kila ua unanukia vitunguu na nyama. Nikaona moshi. Mwanzo nilidhani ni watu wanachoma mbuzi. Kisha mwanamke akapiga yowe, nikaacha geti la watu likining'inia kwa bawaba moja nikakimbia.

Nilikuta watu wamejaa nje ya geti la Mama Janeth. Moshi mweusi, ule wa godoro na plastiki, ulikuwa ukitoka madirisha ya sebuleni. Geti limepigwa kufuli kwa nje. Kutoka ndani ilisikika sauti ya msichana anakohoa na kuita. Na watu, wallahi, wamesimama. Mwalimu Festo, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na simu sikioni na jasho linamtiririka.

"Kuna mtu ndani?" nikamuuliza.

"Yupo dada wao wa kazi, Kabula. Wenyewe wamekwenda kwao Muleba."

"Sasa mnangoja nini?"

"Nampigia Mama Janeth aturuhusu kuvunja, hapokei. Fundi, si unajua mambo ya watu? Ukivunja geti la mtu ambaye hayupo, kesho kikipotea kijiko wanakuita wewe."

Mwalimu Festo si mtu mbaya, na hilo nataka lieleweke. Alikuwa anaogopa kuitwa mwizi, na hofu hiyo haikutoka hewani. Tumefundishana wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwamba jirani ni mwizi ambaye bado hajapata nafasi. Mpaka mtoto wa watu anaungua ndani na watu wazima wanatafuta ruhusa kwenye simu.

"Mwalimu, andika jina langu," nikamwambia. "Ramadhani, fundi wa magrili. Kikipotea kijiko waje kwangu Mkolani."

Hapo ndipo watu walipozinduka. Wanaume wawili walikimbia kuleta jenereta na grainda yangu, mwingine akazima umeme kwenye mita iliyokuwa nje ya ukuta, kina mama wakaanza kupanga ndoo. Nikakata kufuli la geti kwa grainda. Mlango wa mbele ulikuwa wa chuma, umefungwa na unaunguza, sikuhangaika nao. Nilikimbilia nyuma kwa sababu nilijua kilango kipo. Nilikuwa nakimbia huku najiambia, huyu ameshapona, huyu ameshapona.

Kabula alikuwa dirishani, kitambaa kibichi mdomoni.

"Binti, fungua kilango! Ufunguo upo kwenye msumari!"

"Kufuli nimefungua, baba. Hakisogei!"

"Vuta kwa nguvu!"

"Nimevuta! Kimeganda!"

Nikasogeza uso. Kufuli lilikuwa wazi kweli, linaning'inia. Lakini pembeni mwa kilango, juu, katikati na chini, palikuwa na mishono ya moto ambayo haikuwa yangu. Mimi mshono wangu naulaza, nausugua, naupiga tupa. Ile ilikuwa na mabonge, imepakwa rangi juu juu. Mtu alikuja na mashine akakiziba kilango, na kufuli akaliacha palepale kama pambo.

Nikamwambia Kabula ajifunike kwa blanketi akae pembeni, nikaanza kukata. Diski ikapasuka, nikaweka nyingine. Moshi ulikuwa unapenya chini ya mlango wa chumba na kupanda taratibu, ukaficha kitanda, ukaficha ukuta wenye msumari. Mshono wa mwisho ulipoachia nilikisukuma kilango mpaka kikagonga ukuta wa ndani.

"Toka!"

Akabaki amesimama na blanketi lake kichwani.

"Baba, mama alisema nisitoke mpaka warudi. Mmempigia?"

Nimefanya kazi na chuma maisha yangu yote. Nimeungua, nimeanguka kutoka kenchi la paa, nimeona mwenzangu akipigwa na umeme. Hakuna kilichowahi kunikata maini kama neno lile. Msichana yuko kwenye moshi, njia iko wazi mbele yake, na anaomba ruhusa. Nilimshika mkono nikamvuta, akapita, mabega yakagusa fremu pande zote mbili. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka, maana alianza kwa kuuhangaikia mlango wa mbele.

Moto ulizimwa kwa ndoo za majirani. Sebule iliteketea, vyumba vikapona. Chanzo chake kilionekana wazi: waya wa kurefusha umeme uliopitishwa chini ya zulia, ukabebeshwa taa na redio mfululizo bila kupumzishwa. Redio ya kumdanganya mwizi ndiyo iliyoichoma nyumba.

Kabula alikuwa amekalishwa kwenye kivuli cha ukuta, bado anakohoa, wakati Mama Janeth alipopokea simu. Mwalimu Festo aliifungulia sauti, tukasikia wote. La kwanza aliuliza kama televisheni imepona. La pili, alipoambiwa grili limekatwa, aliuliza nani kampa fundi ruhusa ya kukata grili lake. Tukangoja la tatu. La tatu alisema tusiache geti wazi, watu wa Kiseke anawajua.

Nikiri kwamba kuhusu watu wa Kiseke hakukosea kabisa. Katika zile pilikapilika kuna mtu aliondoka na mtungi wa gesi. Kuna binadamu anayeweza kupita kwenye moshi, akasikia mtoto analia, akakumbuka kwamba kwake gesi imekwisha. Simjui, na akisoma hapa ajue kwamba kwa mtungi ule nilitajwa mimi.

Baada ya mwaka mpya mwenyekiti wa mtaa alituita. Mama Janeth alikuja na malalamiko yake yamepangwa vizuri: kufuli la geti, grili, mtungi wa gesi. Akataka nieleze kwa nini nisihesabiwe nimeshirikiana na aliyeuchukua. Baba yake Kabula alikuwa ametoka Misungwi kuja kumchukua binti yake, mzee mkulima wa pamba, amevaa koti katika joto lile kwa sababu alikuwa anaingia ofisini. Mwenyekiti alipomkaribisha aseme, alisimama akavua kofia.

"Mama, ulipokuja kwangu ulisema unatafuta mtoto wa kukusaidia kazi," akasema polepole. "Ungeniambia unatafuta mbwa. Mbwa ninao."

Mama Janeth aliinamisha uso. Mumewe akatoka nje kupokea simu ambayo hakuna mwingine aliyeisikia ikilia. Mwenyekiti akasema tusameheane, mwaka ndio kwanza unaanza, akafunga kikao. Kabula aliondoka na baba yake, viganja vimefungwa bandeji, begi lake kalibeba mzee. Aliyemwomba msamaha alikuwa Mwalimu Festo peke yake.

Nilibaki na swali langu la mishono, na jibu halikuwa mbali. Deus alijifunza kazi kwangu, na karakana yake imepakana na yangu. Yale mabonge nilishamkaripia zamani sana. Ameyasoma haya na amekubali jina lake libaki, kwa hiyo msidhani namsengenya. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo anakunywa chai.

"Kilango cha Kiseke ni wewe?"

"Shikamoo, mzee. Ni mimi." Hakuficha. "Mama alisema mwizi atapita hapo. Akasema na huyo dada naye anaweza kupenya akaenda kuzurura, nyumba ikabaki peke yake."

"Ukaziba."

"Ningekataa angekwenda kwa mwingine."

"Angekwenda."

"Na huyo mwingine angeziba, mzee. Ingekuwa palepale."

"Isingekuwa palepale. Ingekuwa mkono wake, si wako."

Vijana, hapo ndipo ninapowataka msome mara mbili. Daktari hakukati mguu kwa sababu umemlipa. Fundi naye ana kitu ambacho hafanyi, na akishakifanya yeye si fundi, ni mkono wa kukodi wenye mashine. Mteja akitaka geti la dhahabu, mtengenezee. Akitaka maua ya chuma yanayomfanya mtu acheke, mtengenezee, mcheke akiondoka. Akitaka uzibe njia ya mtu aliye ndani, mwambie hapana na umwambie kwa sauti, wenzako wa karakana ya pili wasikie, ili akifika huko akute hapana nyingine. Tukisema wote hapana, hana pa kwenda. Ni karakana chache tu, na wote tunajuana kwa majina.

Nyumba ilipokarabatiwa Mama Janeth alikuja kwangu kwanza. Ujasiri anao. Alitaka grili lirudishwe "kama lilivyokuwa, ila bila kile kitundu, maana watu wameshakijua." Nikamwambia hapa hatutengenezi jela. Akapandisha kioo cha gari akaondoka. Muda si mrefu ikatokea ile ya bawaba, nikafunga karakana, na mambo ya Kiseke nikayaacha huko.

Krismasi iliyopita Mwalimu Festo alinialika chakula. Tangu siku ya moto tumekuwa marafiki, ingawa bado ananiita fundi na mimi namwita mwalimu. Tulikula tukashiba, nikaaga bado mchana kweupe. Njia ya mkato inapita juu kwenye mawe, mahali ambapo ua wote wa Mama Janeth unaonekana chini. Nilikuwa nashuka taratibu nikitafuta pa kukanyaga niliposikia sauti.

"Shikamoo, babu."

Alikuwa dirishani, kwenye chumba kilekile. Msichana mwingine, mdogo kuliko Kabula.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wenyeji wako?"

"Wamesafiri."

"Ufunguo wa geti anao nani?"

"Mama kaondoka nao."

Macho yangu hayawezi tena kuona mshono kwa mbali, lakini nondo niliziona, nyeupe, zimenyooka kutoka juu mpaka chini. Hapakuwa na kilango. Ndani redio ilikuwa inaimba.

Sikurudi kwa Mwalimu. Nilichukua bodaboda mpaka nyumbani kwa Deus, maana mtu akikataliwa kwangu karakana ya pili ilikuwa yake. Nilimkuta mezani na mkewe na watoto, wali, kuku, soda. Akaniletea kiti. Nikasema sikai.

"Grili la Kiseke umelitengeneza wewe tena."

Aliitazama sahani yake. "Mzee, leo sikukuu."

"Na kwake ni sikukuu."

Mkewe akauliza, "Kwa nani? Kuna nani huko?" Nikamwambia kuna msichana amefungiwa ndani, hata jina lake sikuuliza. Alimgeukia mumewe akamtazama tu, na watoto wakaacha kutafuna. Deus akainuka akanawa mikono.

Tulipakia jenereta kwenye bajaji. Tulimpitia mwenyekiti, nikamwambia safari hii namtaka awe shahidi kabla, si baada. Alisita, akatafuta sababu, akakosa, akavaa viatu. Mwalimu Festo alitoka kwake bila kuitwa. Mama Janeth alipigiwa simu mbele yetu wote, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba haombi ruhusa, anamjulisha.

Sikugusa chombo. Nilisimama pembeni, Deus akakata kufuli la geti, akakata na grili alilolitengeneza kwa mkono wake. Alimpima binti mabega. Akakifanyia kilango fremu yake, akachomelea bawaba, akapaka grisi. Nilipitisha kidole kwenye mishono, haikuwa na mabonge. Kufuli akaliweka ndani na ufunguo akampa msichana mkononi. Geti likawekewa kufuli jipya, ufunguo mmoja kwa binti, mwingine kwa Mwalimu Festo. Binti anaitwa Shija, anatoka Magu.

Nilidhani atakimbia, au atalia. Alitoka polepole, akajifuta mikono kwenye kanga, akatuamkia mmoja mmoja mpaka akatumaliza. Halafu akauliza duka la karibu liko wapi, chumvi ilikuwa imemwishia.